Boston, 1908: Mwanzo wa Ushauri wa Kazi

Katika North End, mtaa wa mji wa Boston uliojaa wahamiaji waliotoka Italia na Urusi, ilikuwako nyumba iitwayo Civic Service House, iliyofunguliwa mwaka 1901 kwa mali ya bibi mkarimu, Pauline Agassiz Shaw, ili watu wa viwandani wapate kusoma jioni. Na humo, Januari 1908, ilianzishwa ofisi ambayo shughuli yake haikuwa kumtafutia mtu kibarua, bali kumsaidia atambue ni kazi gani inayolingana na hulka na uwezo wake.

Mwasisi wake, Frank Parsons, alikuwa ameijua mwilini mwake taabu ya kutangatanga bila kazi inayomfaa. Alihitimu uhandisi Cornell mwaka 1873, akiwa kijana wa miaka 18, akaajiriwa katika reli, na kampuni ikafilisika katika dhiki ya fedha iliyoikumba Marekani wakati ule. Akafanya kazi ya sulubu katika kiwanda cha chuma, akasomesha shule, akajifunza sheria kwa juhudi hata afya ikamwangusha, akaenda New Mexico kujiuguza, kisha akarejea Boston kuhariri vitabu vya sheria na kufundisha chuoni. Naamini kutangatanga huko ndiko kulikomfundisha kwamba kijana asiye na wa kumwuliza hushika kazi ya kwanza impatayo, akazeeka nayo.

Aliyemjia alipewa kwanza maswali zaidi ya mia ayajibu kwa maandishi: asili ya wazazi wake, afya yake, vitabu asomavyo, jinsi atumiavyo fedha na saa zake za faragha, tena aliambiwa asimame mbele ya kioo ajitazame kwa insafu. Kisha wakaketi pamoja. Alipata kumjia kijana wa miaka 19, mwembamba, mwenye macho yaliyozubaa, ambaye kwa muda wa saa nzima na zaidi hakutabasamu hata mara moja, naye azma yake ni udaktari. Parsons hakumkataza. Alimtaka awawazie matabibu wawili wanaoanza kazi katika mji mmoja, huyu mwenye siha, mchangamfu na mwenye adabu za kupendeza, na yule dhaifu asiye na bashasha, kisha aseme mwenyewe ni yupi atakayependwa na wagonjwa. Na baada ya jawabu hilo akamwelekeza azuru mashamba ya mifugo, ajionee kazi za nje.

Ni kweli kwamba Parsons alitazama pia umbo la kichwa cha mtu, akidhani lina dalili ya akili, na elimu hiyo ilikuwa batili. Lakini utaratibu wake ulikuwa wa haki: mtu aijue nafsi yake, azijue kazi na masharti yake, ayalinganishe mawili hayo kwa akili timamu, na uamuzi ubaki wake.

Alifariki Septemba 1908, na kitabu chake, Choosing a Vocation, kikatoka mwaka 1909. Baadaye Meyer Bloomfield akashika uongozi wa ofisi hiyo, na walimu wa shule za Boston wakateuliwa kuwa washauri juu ya kazi yao ya kila siku ya kusomesha. Nami naona hapo ndipo ushauri ulipoanza kupungukiwa na kile alichokitoa Parsons bila kinyongo, yaani muda wa kutosha wa kumsikiliza mtu mmoja.