Mfahamu Bibi Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar aliyezikwa Ujerumani

Ukimtaja Bibi Salme, wengi wanakumbuka penzi lake na Mjerumani. Lakini habari yake ni zaidi ya hapo.

Alizaliwa mwaka 1844 kwenye kasri la Mtoni, Unguja. Baba yake ni Sultani Seyyid Said bin Sultan. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria Mcherkesi kutoka Kaukazi. Baba alifariki mwaka 1856, mama akafuata mwaka 1859 kwa kipindupindu.

Alijifunza kuandika kwa siri

Enzi zile mabinti walifundishwa kusoma tu, siyo kuandika. Salme alijifundisha mwenyewe, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia.

Kalamu hiyo ikamponza. Mwaka 1859 kaka yake Barghash alitaka kumpindua Sultani Majid, kaka yao mwingine. Salme, akiwa na miaka 15 tu, ndiye aliyemwandikia barua. Mpango ukafeli, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay.

Mimba na kutoroka

Baadaye alipendana na jirani yake, mfanyabiashara Rudolph Heinrich Ruete wa Hamburg. Akapata mimba. Agosti 1866 alitoroka kwa meli ya kivita ya Kiingereza, Highflyer, hadi Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume, ambaye hakuishi sana. Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily, na siku hiyohiyo akafunga ndoa.

Mjane na watoto watatu

Hamburg walipata watoto watatu: Antonie, Rudolph Said na Rosalie. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu. Emily alibaki mjane kwenye nchi ya ugenini, akawa anafundisha lugha ili watoto wale.

Arudi kudai urithi

Mwaka 1885 alirudi Zanzibar na manowari za Ujerumani kudai urithi wake. Wakati huo Ujerumani ilikuwa inaitaka bara, na utawala wake baadaye ulifika hadi Mbulu. Sultani sasa alikuwa Barghash, yuleyule aliyemwandikia barua. Alikataa hata kumuona.

Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani. Alirudi tena Zanzibar mwaka 1888, akatoka mikono mitupu.

Alifariki Jena, Februari 29, 1924. Kaburi lake liko Ohlsdorf, Hamburg, kando ya mumewe. Alizikwa pamoja na mchanga wa pwani ya Zanzibar, alioutunza tangu safari zake za nyumbani.