Kipimajoto, Sufuria na Njia ya Tabora
Anayekimbia leo kutoka Tabora mjini kwenda Kwihara hutupia jicho saa ya GPS mkononi: umbali, kasi na mwinuko, vyote vimo. Zamani haikuwa hivyo: wavumbuzi Waingereza Burton na Speke walifika Kazeh, Tabora ya sasa, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku 134 kutoka pwani. Vipimo vyao vilibebwa na wapagazi, na kronomita zao, saa za kutafutia longitudo, ziliharibika.

Mwaka 1858 Speke na msaidizi wake Sidi Mubarak Bombay walishika njia ya kaskazini hadi ziwa ambalo Speke aliliita Victoria. Hapo alichemsha maji, akatumbukiza kipimajoto. Kadiri unavyopanda, ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Akapata mwinuko wa takriban mita 1,140. Leo ziwa huhesabiwa kuwa mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Si haba kwa sufuria na moto!

Wanyamwezi, wenye njia yao, hawakuhitaji vipimo hivyo. Walihesabu makambi na vituo vya maji, kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, akitangulia.

Vipimo vya wageni navyo viliendelea na safari: mwaka 1873, Chuma na Susi, watumishi wa mvumbuzi Livingstone, walipofika Kwihara na maiti yake, mvumbuzi Mwingereza Cameron alichukua baadhi ya vipimo vya marehemu, akaendelea navyo magharibi. Mwaka 1875 akatokea pwani ya Angola.