Mlango Aliouacha Fundi

Tarehe 2 Novemba 1988, usiku, kompyuta za vyuo vikuu nchini Marekani zilianza kulemewa moja baada ya nyingine. Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, alikuwa ameachia katika intaneti programu ndogo yenye kujinakili na kuhama yenyewe. Wataalamu waliiita mnyoo.

Mimi huikumbuka habari hii kila nisikiapo kwamba mwizi huvunja mlango. Mojawapo ya njia za mnyoo ule ilikuwa Sendmail, programu ya Eric Allman wa Berkeley, iliyosafirisha barua katika kompyuta nyingi za siku zile. Ndani yake mlikuwa na amri ya kumsaidia fundi kupima kazi yake. Amri hiyo ikiwashwa, mtu wa mbali aliweza kuandika maagizo mahali pa jina la mpokeaji, na kompyuta ikayatii. Ni kama karani wa posta akute bahasha imeandikwa "fungua ghala", naye achukue ufunguo na kwenda kulifungua.

Amri ile haikuwekwa kwa nia mbaya. Iliwekwa kurahisisha kazi, kisha programu ikasambazwa amri ikiwa ingali hai. Intaneti ya wakati ule ilikuwa kama kijiji. Wenyeji walijuana na kuaminiana, na hakuna aliyehangaika kukagua komeo.

Mnyoo haukufuta mafaili. Ulipokuta mwenzake yumo, mara moja katika kila saba uliendelea kukaa hata hivyo. Nakala zikarundikana, mashine zikazidiwa. Inakadiriwa kuwa kompyuta 6,000 hivi ziliingiliwa, kati ya 60,000 zilizounganishwa.

Mwaka 1990 mahakama ilimhukumu Morris miaka 3 ya uangalizi, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050. Kabla ya hapo, Novemba ile ile ya 1988, kituo cha kushughulikia dharura za kompyuta kilikuwa kimeundwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon.

Aliyeingia aliadhibiwa, na ilikuwa haki. Hata hivyo, ndugu msomaji, ufa ulikuwapo kabla yake, na kila aliyeiwasha Sendmail ile aliurithi bila kujua. Kijiji kinapogeuka mji, wema wa fundi hautoshi. Sharti arudi kuzunguka nyumba, akafunge mlango aliokuwa akipitishia zana zake.