Kusahau si uchawi

Mwaka 1901, mjini Frankfurt, Ujerumani, Auguste Deter, mama wa miaka 51, alipelekwa hospitalini. Alishindwa hata kuandika jina lake. Daktari Alois Alzheimer alimfuatilia, lakini ugonjwa wenyewe aliuona mwaka 1906 tu, mama huyo alipokwisha kufa na ubongo wake kuchunguzwa.

Mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, Marekani, walipima choo cha watu 164 wenye akili timamu. Katika 49 kati yao, ubongo ulikuwa umeanza kuharibika kimyakimya. Vijidudu vya tumboni mwao vilikuwa tofauti na vya wenzao. Kipimo hicho hakijafika hospitalini. Huku Kivu, mama mzee akipotea njia ya nyumbani, bado wapo wanaomwita mchawi.