Harufu ya pilipili manga na koo la mgonjwa wa kiharusi

Mtu akipatwa na kiharusi, jamaa huutazama kwanza mkono uliolegea na mdomo uliopinda, koo husahaulika. Ilhali karibu nusu ya wagonjwa hupata shida ya kumeza katika siku za mwanzo. Chakula au mate yakipotea njia na kuingia mapafuni, huweza kuleta homa ya mapafu, na wako walionusurika kiharusi wakauawa na homa hiyo.

Mwaka 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, walichapisha jaribio lililowahusu wazee 105 wa nyumba za kulelea wazee. Waligawanywa makundi matatu: mafuta ya pilipili manga, mafuta ya lavenda, na maji matupu. Kila mmoja alinusishwa kwa dakika 1 kabla ya mlo, kwa siku 30. Walionusa pilipili manga walianza kumeza upesi zaidi baada ya koo kuguswa na maji. Lavenda haikufua dafu.

Mpishi hatashangaa, kwani harufu ya vitunguu vikikaangwa hujaza mate kinywani kabla sahani haijafika. Katika jaribio hili, picha za ubongo zilionyesha damu ikiongezeka katika sehemu iitwayo insula, ambayo hushiriki katika kumeza. Faida kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba kunusa hakudai utii: mgonjwa asiyeelewa maagizo ya mazoezi bado anavuta pumzi.

Hata hivyo, kilichopimwa hasa ni wepesi wa kumeza, si idadi ya waliookoka. Tena yalitumika mafuta yaliyokenekwa, si unga wa sokoni. Kwa anayemuuguza mzazi katika makazi ya wakimbizi ya Lobule, wilayani Koboko, ambako Wakongo wamepokewa tangu 2013, tofauti hiyo ni muhimu: unga ukivutwa puani huchochea chafya na kikohozi, na ni hatari kwa mwenye pumu. Mafuta nayo hayatiwi kinywani.

Kabla ya uji au hata maji, mhudumu wa afya na apime kwanza namna mgonjwa anavyomeza. Asiyeweza hulishwa kwa mpira upitao puani. Anayeruhusiwa kula aketishwe wima, apewe kijiko kidogo kidogo, kisha abaki ameketi nusu saa. Akikohoa, au sauti yake ikisikika kama yenye maji, acheni kumlisha na mmrudishe kituoni.