Reli, Daraja na Lugha ya Kazi: Kiswahili mjini Jinja tangu 1912 hadi 1970

1.0 Utangulizi

Historia ya Kiswahili nchini Uganda husimuliwa zaidi kwa kufuata maamuzi ya wakubwa. Hutajwa pendekezo la Gavana William Gowers la 1927, pingamizi la Kabaka Daudi Chwa la 1929, na kuondolewa kwa lugha hiyo miongoni mwa lugha zilizotambuliwa shuleni mwaka 1952. Masimulizi hayo ni sahihi, ila yanaacha swali moja bila jibu: kwa nini Kiswahili kiliendelea kusemwa mahali ambapo hakikufundishwa? Makala hii inalijibu kwa kuuangalia mji wa Jinja na mtaa wake wa Walukuba. Hoja yetu ni kwamba Kiswahili kilishika mizizi hapo kwa njia ya kazi, na kwamba njia ya kazi hiyo ilikuwa reli.

2.0 Mto usiopitika

Jinja imejengwa pale Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria. Kutoka hapo hadi Namasagali, maporomoko na maji ya kasi hayaruhusu meli kupita. Reli ya Busoga, iliyofunguliwa mwaka 1912, ilijengwa ili kukikwepa kipande hicho cha mto. Pamba ya bonde la Ziwa Kyoga ilisafirishwa kwa meli hadi Namasagali, kwa gari la moshi hadi Jinja, kwa meli tena hadi Kisumu, ambako reli ilikuwa imefika tangu 1901, kisha kwa gari la moshi hadi Mombasa. Hivyo robota moja la pamba lilihamishwa mara nne kabla ya kuiacha Afrika Mashariki. Kila palipohamishwa mzigo palihitajika makuli, makarani, mabaharia na mafundi, watu wa makabila mbalimbali waliolazimika kuelewana papo hapo.

Msamiati unathibitisha mkondo huo. Kiganda huliita treni *eggaali y'omukka*, yaani gari la moshi: neno *gari*, lenye asili ya Kihindi, limepokewa kupitia Kiswahili, na muundo wa istilahi nzima umefuatwa. Kwa upande mwingine, daraja huitwa *olutindo*, neno la Kiganda chenyewe. Kuvuka mto hakukuwa jambo geni kwa wenyeji. Gari linalotoa moshi lilikuwa geni, na lilikuja na jina lake.

3.0 Daraja la 1931 na matokeo yake

Mwaka 1928 reli iliyotoka Nakuru kupitia Eldoret na Tororo iliungana na Reli ya Busoga huko Mbulamuti na hivyo kuifikia Jinja. Mwaka uliofuata tawi la Tororo lilipitia Mbale hadi Soroti, likaichukua pamba ambayo awali ilitegemea meli za Kyoga. Mwaka 1931 daraja la reli juu ya Nile lilikamilika na treni ikafika Kampala. Mzigo sasa ungeweza kupita Jinja bila kuguswa na kuli hata mmoja. Namasagali ilififia, na katika miaka ya 1960 majengo ya bandari yake yakageuzwa shule.

Kwa mantiki hiyo, Kiswahili cha Jinja nacho kingetarajiwa kufifia. Hakikufifia, kwa kuwa reli iliyoondoa kazi ya kupakua ilileta kazi nyingine. Bwawa la Owen Falls lilizinduliwa tarehe 29 Aprili 1954. Kiwanda cha nguo kikafuata umeme. Na reli ilipofika Kasese mwaka 1956, shaba ya Kilembe ikaletwa Jinja kuyeyushwa. Wafanyakazi walitoka Busoga, Bugisu, Teso na magharibi mwa Kenya. Wengi wao walipangishwa Walukuba, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika baada ya Vita Kuu ya Pili. Hapo Msoga, Mjaluo, Msamia na Mgisu walichota maji kwenye bomba moja. Lugha iliyokuwa ya zamu kiwandani ikawa ya ujirani, na kwa baadhi ya watoto, lugha ya kuchezea.

Ni kweli kwamba Jinja ilikuwa pia na kambi ya askari wa King's African Rifles, na Kiswahili kilikuwa lugha yao. Ila kulifanya jeshi kuwa chimbuko la pekee ni kuwasahau makuli na mafundi. Usahaulifu huo una gharama: umewafanya Waganda na wengineo wengi wakione Kiswahili kuwa lugha ya bunduki, hasa baada ya miaka ya Idi Amin.

4.0 Hitimisho

Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwafukuza maelfu ya wafanyakazi wa Kenya, na Walukuba ikapoteza sehemu ya wasemaji wake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika la pamoja la reli likagawanyika. Tangu 2005 Katiba ya Uganda inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini mjadala wa utekelezaji bado unakichukulia kama mgeni anayetafutiwa makao. Mfano wa Jinja unaonyesha kuwa ana makao tayari. Tunapendekeza wastaafu wa reli na viwanda wa Walukuba, Masese na Mbale wahojiwe, na istilahi zao zikusanywe, wangali hai. Daraja jipya la magari lililofunguliwa Jinja mwaka 2018 linapigwa picha na kila mgeni. La 1931 bado limesimama, na waliolifanyia kazi wanazidi kupungua.