"Nervous" zamani ilikuwa sifa ya mtu mwenye nguvu

Hii tumeiandika kwa sababu ya kosa letu wenyewe, kwa hiyo tuanze na kosa.

Sisi tunaotafsiri kwenye mahojiano ya afya ya akili hapa kambini tuna fomu fupi, maswali machache tu. Swali moja linauliza: katika siku 30 zilizopita, ni mara ngapi umejisikia "nervous"? Siku zote tulikuwa tunasema "wasiwasi". Ni rahisi, kila mtu analijua. Basi kuna mama mmoja (mambo mengine tumeyabadilisha asitambulike) alijibu papo hapo: "Wasiwasi wa nini, mwanangu? Mimi namwamini Mungu." Tukaandika sifuri. Hata karatasi hatujaikunja, mlango wa jirani ukabamizwa. Mama akaruka kwenye kiti. Mtoto wake alikuwa anachezea kifuniko cha sufuria, akamgeukia akamfokea mpaka mtoto akakimbilia nje. Halafu akaanza kulia, akasema hajui siku hizi ana nini, zamani hakuwa hivyo.

Na sifuri yetu iko palepale kwenye karatasi.

Tulipokaa kuangalia tulikosea wapi, tukaanza na neno letu. "Wasiwasi" limetoka kwenye Kiarabu, na Waislamu kati yetu walilitambua haraka: limo kwenye sura ya mwisho ya Kurani, pale mtu anapoomba kinga dhidi ya anayenong'ona vifuani mwa watu. Ni shaka inayoingia moyoni. Kwa hiyo yule mama, ingawa ni Mkristo, alisikia swali kuhusu imani yake, akajibu kuhusu imani yake. Hakudanganya. Sisi ndio tuliuliza kitu kingine.

Halafu tukalichimba lile la Kiingereza. Tulidhani tutakuta maana moja. Kumbe limetembea kuliko sisi.

Mzizi wake ni neno la Kilatini, nervus. Kwa Warumi huo ni ukano, ule uzi mgumu unaoshika nyama kwenye mfupa, ule unaokushinda kutafuna ukipata mguu wa ng'ombe. Uzi wa upinde nao waliuita hivyohivyo. Wagiriki walisema neuron, maana ileile. Karibu miaka 300 kabla ya Kristo, huko Alexandria, Misri, mganga Herophilus alipasua maiti akaonyesha kwamba kuna nyuzi zinazotoka kwenye ubongo na uti wa mgongo, na kazi yake ni hisia na mwendo. Kazi ikatenganishwa, jina likabaki moja. Msiwacheke, maana sisi pia tuna "mshipa". Wa damu ni mshipa, wa fahamu ni mshipa, na ngiri watu wanaiita mshipa. Mtu akikasirika mishipa ya shingo inamsimama, na asiyeona haya tunasema hana mshipa wa aibu.

Sasa Kiingereza kilipolichukua neno hilo, mtu "nervous" alikuwa mtu aliyekaza, mwenye misuli. Mkono "nervous" ulikuwa mkono wa mhunzi. Hata maandishi yenye nguvu yalisifiwa hivyo. Mwaka 1755 Samuel Johnson alitoa kamusi yake London, na maana ya kwanza aliyoiweka ni hiyo ya nguvu. Ile ya mishipa dhaifu au yenye ugonjwa aliiweka mwisho, na akaonyesha kwa dharau kidogo kwamba hayo ni maneno ya madaktari. Neno moja, kamusi moja, hodari na dhaifu wamekaa pamoja.

Wenzetu waliosoma Kifaransa Congo wana ndugu wa neno hili. Wanasema "niko énervé", yaani nimekasirika, usinisogelee. Lakini énerver zamani ilikuwa kumkata mtu kano, kumwondolea nguvu. Kuna hadithi ya kale ya Ufaransa kuhusu watoto wawili wa mfalme Clovis wa Pili walioasi. Wakachomwa kano za miguu, wakawekwa kwenye chelezo bila kasia, mto Seine ukawachukua mpaka kwenye monasteri ya Jumièges. Ni hadithi, si historia, ila mchoraji Luminais aliichora mnamo 1880: vijana wawili wamelala wamefunikwa, miguu imefungwa bendeji, maji kila upande. Tuliiangalia kwenye simu. Mmoja wetu aliyevuka Ziwa Tanganyika usiku alisema hiyo picha tusimwonyeshe tena.

Nani aligeuza maana? Madaktari. Mwaka 1664 Thomas Willis wa Oxford alichapisha kitabu kikubwa juu ya ubongo, na baada yake ikawa kawaida kutafuta huzuni, hofu na hasira kwenye mishipa ya fahamu badala ya kwenye nyongo. Lakini aliyelipa neno heshima ya mjini ni George Cheyne, daktari aliyekuwa mnene sana, kwa maelezo yake mwenyewe alipita kilo 200. Kitabu chake cha 1733 kilisema karibu theluthi moja ya magonjwa ya watu wenye hadhi Uingereza ni ya "nervous". Sababu? Chakula kizuri mno, kukaa tu, miji iliyojaa, vitu vya anasa kutoka kila pembe ya dunia. Na wafanyakazi wa mashamba? Hao, kwa maoni yake, walikuwa wagumu, hawasikii sana. Hapo ndipo tuliposimama kusoma, tukaangaliana. Ugonjwa ulikuwa umefanywa cheti cha ustaarabu. Ukiwa nao, wewe ni mtu laini, una hisia. Usipokuwa nao, wewe ni gogo.

Wamarekani waliendeleza. George Beard mwaka 1869 alieneza jina nyurasthenia, uchovu wa mishipa ya fahamu: mtu halali, anashtuka, anakasirika kwa kitu kidogo. Mwaka 1881 akaandika kitabu kizima kuhusu hali hiyo nchini mwake, akailaumu mitambo ya mvuke, telegrafu, magazeti, sayansi, na akili za wanawake kufanya kazi sana. (Hiyo ya mwisho dada zetu waliisoma kwa sauti mara mbili.) Kwake ulikuwa ugonjwa wa watu walioendelea.

Halafu ukapanda meli ukaja huku kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 maofisa wa kikoloni katika nchi za joto, Afrika Mashariki ikiwemo, walipimwa na kuambiwa wana nyurasthenia ya tropiki. Jua, mwinuko wa nchi, upweke, wakawa wakali, wakashindwa kazi. Ofisa mwenye cheti hicho aliweza kurudishwa kwao apumzike. Hatuwacheki, upweke unaumiza kweli. Ila yule aliyembebea mizigo hakuwa na cheti cha namna hiyo.

Vita vya kwanza vya dunia navyo vilionyesha. Mwaka 1915 daktari Charles Myers aliandika kwenye jarida la Lancet kuhusu askari waliovurugika baada ya mabomu, wakaitwa wenye "shell shock". Hata hapo cheo kilihesabiwa: ofisa mara nyingi aliandikiwa nyurasthenia, askari wa kawaida histeria. Jeshi la Uingereza liliwapiga risasi askari wake 306 kwa utoro, uoga na makosa ya namna hiyo, na walisamehewa 2006 tu, wakiwa wamezikwa miaka tisini. Upande wetu wa vita hivyo makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa njiani. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina kwa kikosi chao. Nani aliwauliza wanalalaje?

Na tusifikiri hayo ni ya zamani mno. Daktari J. C. Carothers aliongoza hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Alisema huzuni kubwa ni nadra kwetu, na akamfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikachapisha maandishi yake kuhusu Mau Mau: hasira ya watu walionyang'anywa ardhi, akaieleza kama tatizo la nafsi zao. Frantz Fanon, daktari wa akili aliyefanya kazi Algeria wakati wa vita, alimjibu kwa ukali katika kitabu chake cha 1961. Kwa Fanon, mtu anayetetemeka na kufoka ndani ya vita ana sababu, na sababu iko nje ya kichwa chake.

Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliingiza rasmi kwenye mwongozo wao ugonjwa unaotokana na mambo ya kutisha, na waliporekebisha mwongozo 1987 hasira za ghafla zikawekwa kati ya dalili. Hasira ya yule mama, kwa hiyo, ina mahali pake kitabuni. Sisi ndio hatukuwa na neno la kumfikishia swali.

Ndugu zetu wa mashirika, tunajua mtakachosema, maana afisa mmoja alishatuambia: kila mtafsiri akibadilisha swali anavyotaka, majibu hayalinganishwi tena. Ni kweli. Tumekubali. Kwa hiyo tulifanya hivi: tukaandika maneno mapya mara moja, wote, halafu tukampa mwenzetu ambaye hakuwahi kuiona fomu ya Kiingereza ayarudishe kwa Kiingereza. "Wasiwasi" ilirudi kama shaka. "Hasira za karibu" ilirudi kama tabia mbaya, na hiyo hatuitaki, mtu hataikubali mbele ya mgeni. "Roho juu, kushtuka na kuchukia haraka" ilirudi kama "on edge", yaani mtu aliye ukingoni. Hiyo ndiyo tumeipeleka ofisini, na mpaka wajibu tunaendelea kusoma swali la zamani, ila pembeni ya karatasi tunaandika tulichokiona kwa macho.

Kwa mama tulirudi tukiwa na msimamizi, sifuri ikasahihishwa, na sasa anakwenda kwenye kikundi cha Alhamisi.

Wanyarwanda baada ya 1994 walikuwa na neno lao, ihahamuka, hawakusubiri la Kiingereza. Kwenye daftari letu pale kituo cha vijana tumeshapata la Kirundi na la Kifuliiru, wazee wanayajadili. Ukurasa wa Kibembe bado mweupe. Mwenye bibi anayejua, amlete au arekodi sauti yake, kwa ruhusa yake.